Upande wa Kushoto wa Ng'ombe

Nyumbani
Jumapili, 9 Machi

Shangazi,

Leo naanza na linaloniuma, salamu zitafuata, maana nikianza na salamu najijua, nitaishia hapo hapo. Hili sijamwambia mtu. Si mama, si rafiki yangu wa dawati moja, na hata Mungu sijamwambia kwa maneno, ingawa najua ameshaona. Hesabu za kupe ninazokutumia tangu Desemba si za kweli. Sikuzitunga. Kila kupe nilimwona kwa macho yangu. Lakini si za kweli.

Sasa shikamoo. Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, ndoo ya maziwa anaibeba kwa awamu, hatua tano anapumzika. Baba hajui kama tunaandikiana. Anajua sanduku la kupe linakuja kila baada ya wiki mbili na fomu inarudi, basi. Tangu mliposemezana vibaya siku ya mazishi ya babu, jina lako hapa halitajwi, wewe ni "yule wa kupe". Juzi alimwambia dereva wa gari la maziwa, "Dada yangu kasoma miaka kumi na miwili ili aje kuhasi kupe." Dereva akacheka mpaka akamwaga maziwa. Naye ana yake: sanduku lako analiita la maharusi. Akifika anapiga honi, "Jamani, mabwana harusi wameingia, mbona hampigi vigelegele?"

Shangazi, uliniandikia nihesabu upande mmoja tu wa ng'ombe, majike walionenepa peke yao, kisha nizidishe kwa mbili, kwa sababu kupe hachagui upande. Madume wako tunaowaachia juu ya ng'ombe, wenye doa la buluu mgongoni, nisiwahesabu. Nimefanya hivyo hivyo kila Jumanne na Ijumaa kabla ya shule. Hukusema upande upi, nami sikuuliza. Unanijua, mimi hata nikirudishiwa karatasi ya mtihani ya mtu mwingine nitaikalia kimya mpaka mwenyewe aitafute. Nikachagua kulia. Kulia ndiko mama anakokaa akikamua, kwa hiyo ng'ombe wamezoea mtu wa huko. Ukienda kushoto, Mkorofi anakupa teke la kukukumbusha ulikozaliwa.

Ijumaa ya tarehe 21 Februari chupa ya sampuli iliniponyoka, ikabingirika chini ya tumbo la Mkorofi, ikatokea upande wa pili. Nikazunguka kuifuata. Kulia nilikuwa nimehesabu watano. Kushoto walikuwa ishirini na saba. Walikuwa wamejipanga kwenye kinena na nyuma ya sikio kama maharage yaliyomwagika.

Jioni nikageuza ndoo, nikakaa, nikamtazama mama akikamua. Mkono mmoja uko kwenye chuchu. Wa pili unapapasa paja, unapanda shingoni, unarudi kwenye kiwele, unabandua, unatupa kwenye kopo la mafuta ya taa. Wala haangalii. Ananisimulia habari za goti.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakamua. Kwani we unaona natwanga?"

Hajui kama anafanya. Mkono wake umefanya hivyo miaka ishirini, hauombi ruhusa tena.

Kwa hiyo, Shangazi, kupe waliopungua hawakupunguzwa na madume wako. Walipunguzwa na vidole vya mama.

Najua tarehe 22 Mei kuna mkutano wa wafugaji, na namba zangu ndizo zitakazosomwa ili josho lifungwe, watu waache kuogesha ng'ombe, kwa kuwa dawa ya josho inaua na madume wako pia. Najua pia uliniahidi nikimaliza mtihani nije kukaa kwako, nisome huko. Ndiyo maana nimelikalia hili wiki mbili nzima. Kasirika ukitaka, lakini usizisome namba hizo.

Mwanao,
Sauti


Maabara
Jumatano, 19 Machi

Sauti,

Marahaba. Mimi mzima, ila jicho la kulia limeanza kuona ukungu kwa kukodolea hadubini. Mpe mama pole ya goti, aliweke juu ya mto akikaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimemsikia kaka yangu. Mtoto tuliyemwita Sauti kwa sababu hana, leo anapasua jambo mstari wa kwanza? Nani alikaa nyuma ya bega lako? Mwambie akiwa na neno nami anayo simu ya nyumba, ile anayoiatamia kama kuku na mayai.

Huenda huko mnadhani napuliza uganga. Basi sikia. Jike aliyeshiba namlaza chali juu ya kioo, namgandisha kwa utepe. Karibu na mdomo ana kiungo kidogo cha nta. Kila yai linalotoka analipaka lisikauke. Kiungo hicho nakikwangua, ili mayai yatoke uchi. Hapo tu ndipo sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, inaweza kuingia na kubadilisha jeni moja. Majike wanaibeba bila kudhurika. Madume wanaozaliwa humo wanapanda kama madume wengine, ila mayai wanayoyarutubisha hayaangui kitu. Yai likichomwa vibaya linapasuka kama puto. Nimechoma mayai elfu ishirini na mbili, Sauti. Yamepona mia tatu na kumi na moja. Miaka sita. Nimekosa harusi, nimekosa misiba, na msiba mmoja niliouhudhuria kaka yangu alinifukuza mbele ya watu kwa sababu nilisema anazimua dawa ya ng'ombe kwa maji. Na alikuwa anaizimua.

Namba zako zimeshaingia kwenye ripoti, Mkuu wa maabara ameziona, amezifurahia. Ng'ombe mmoja kuwa na kupe wengi ubavu mmoja si ajabu. Huenda ndio anaoulalia kwenye majani. Kama kweli mama anabandua, anabandua wawili watatu, mkono si trekta. Endelea kuhesabu kulia kama ulivyoanza. Kazi haigeuzwi katikati kwa sababu ya chupa iliyobingirika.

Kuhusu kuja kwangu, tutaona. Nyumba yangu ndogo. Haina nafasi ya mtu anayesema hili asubuhi na lile jioni.

Shangazi yako


Nyumbani
Jumamosi, 22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Goti liko kwenye mto kama ulivyosema, mama anashukuru, ingawa nimemwambia wazo ni langu.

Baba hakukaa nyuma ya bega langu. Baba akiandika barua ina mistari minne, na mitatu ni matusi. Naandikia stoo, juu ya gunia la pumba, mlango nimeuegemea kwa mgongo. Nikisikia mtu naingiza karatasi ndani ya daftari la jiografia.

Umeniambia nasema hili na lile. Mimi ambaye nyumba nzima inanisema sisemi chochote. Basi leo sisemi, nakupa namba. Asubuhi hii nimewazunguka wote sita wenye madume wako, pande zote mbili. Mkorofi kanipiga mara mbili, paja limevimba. Kulia, jumla yao sita ni thelathini na wanne. Kushoto ni mia moja hamsini na tisa.

Hawawezi wote sita kulalia ubavu mmoja, Shangazi. Si wanajeshi.

Kuhusu mkono wa mama, nimehesabu na kopo. Jana jioni peke yake waliingia thelathini na wanane. Hata trekta lingeomba mapumziko.

Naomba jibu.

Sauti


Nyumbani
Jumapili, 6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Jana sanduku limefika. Nimetoa kupe wote, nimetoa pamba, nimekunjua hata karatasi la kufungia. Fomu tupu kumi na mbili, barua hakuna. Sawa.

Sisi wazima. Lakini ng'ombe wa fundi viatu amekufa Jumatano.

Humjui. Ana kibanda njia ya shuleni, anashona viatu, na nyuma ya nyumba ana ng'ombe wawili. Alikuwa na wawili. Dereva alimwambia kwamba kwetu kupe wamekwisha, mabwana harusi wamewamaliza, na kwamba kupe wako watasambaa wenyewe mpaka kwake. Akaacha kwenda joshoni. Kwanza tezi za chini ya masikio zikavimba, kisha homa, kisha akawa anapumua na povu puani. Ni homa ya kupe, kila mtu anaijua. Siku tisa tu.

Sasa nakwambia kitu ambacho katika barua ya kwanza nilikiruka. Mwisho wa Februari nilimpelekea fundi kiatu changu. Alikuwa na misumari midomoni, akaitoa, akaniuliza, "We binti ndiye mwenye daftari la kupe. Ni kweli wamepungua?" Nilikuwa nimeshaona upande wa kushoto. Nilikuwa najua. Shangazi, nilitikisa kichwa. Ndiyo. Kwa sababu kusema hapana kungehitaji maelezo, na maelezo yangehitaji mdomo, na watu wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri.

Alisema, "Ahsante mwanangu, umeniokoa foleni ya josho."

Jana nimepita nikamkuta anashona. Kiatu changu alikuwa amekimaliza siku nyingi. Amenipa bila kunitazama, au mimi ndiye sikumtazama.

Sasa niambie tena kuhusu mayai yako elfu ishirini na mbili. Ng'ombe wake aliyekufa alikuwa mmoja, na alikuwa na ndama tumboni. Tarehe 22 Mei watu wote wa joshoni watatikisiwa kichwa kama nilivyomtikisia yeye, ila safari hii mwenye kutikisa atakuwa na koti jeupe.

Ukinyamaza tena nitajua jibu lako.

Sauti


Maabara
Alhamisi, 17 Aprili

Sauti,

Marahaba. Habari ya ng'ombe nimeisikia. Pole kwa fundi.

Lugha uliyonitumia siku nyingine mtumie mwenzako wa darasani. Mimi nilikubeba mgongoni ukiwa na surua, mama yako anajua. Hukunitumia barua, umenitupia jiwe.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa nasoma upya fomu zako zote. Sasa sikiliza maagizo, hayajadiliwi.

Kuanzia Jumatatu ijayo, wiki tatu, mama yako asibandue kupe hata mmoja. Utahesabu pande zote mbili, ng'ombe wote kumi na wawili: sita wenye madume wangu, na sita wasio nao tunaowalinganisha. Usizidishe chochote kwa mbili. Usirekebishe. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja niweze kuona ulichokata. Joshoni msiwapeleke wala msiwape dawa, hizo wiki tatu tu. Akipata homa mmoja, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo na utafiti umekwisha.

Lingine. Mama anabandua akikamua. Mtamba ambaye hajazaa hakamuliwi. Mimi huku ninazo namba za hereni za masikioni tu, sura zao sizijui. Niambie: kati ya wale sita wenye madume wangu, wangapi wanakamuliwa? Na kati ya sita wengine, wangapi? Kura ikipigwa vizuri, wa maziwa na mitamba wanachanganyika pande zote mbili. Kwenye fomu ya kwanza umeandika kura ilipigwa, na kaka yangu ameweka sahihi.

Hilo nijibu kwa mstari mmoja.

Shangazi yako


Nyumbani
Jumapili, 11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, ng'ombe wote kumi na wawili wazima, hakuna aliyepata homa. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kuwapapasa masikio.

Kumzuia mama kubandua kupe nimeshindwa kukueleza kwa maandishi lakini najaribu. Nilikaa naye kila akikamua, asubuhi na jioni, wiki tatu. Mkono ukianza kutembea nasema, "Mama, mkono!" Unarudi. Dakika moja, umetoka tena. "Mama, mkono!" Siku ya tatu akanigeukia maziwa yakiwa nusu ndoo:

"Mkono wangu umekuwa mwizi katika nyumba yangu?"

Ikabidi nimwambie kwa nini. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kwa mdomo. Alikamua mpaka mwisho, akafunika ndoo, akasema, "Kwa hiyo ni mimi." Nikasema hapana, ni mimi. Akasema, "Kwa baba yako utasema mwenyewe. Mimi kati ya huyo na dada yake simo, nilishajifunza." Toka siku hiyo akawa anaukalia ule mkono, anakamua kwa mmoja. Maziwa yalipungua na baba akauliza kama ng'ombe wamegoma.

Namba za wiki ya mwisho: wale sita wenye madume wako, kwa wastani, kulia ishirini na wanne, kushoto ishirini na watano. Wale sita wengine, kulia ishirini na tisa, kushoto thelathini. Daftari lote nalituma, yaliyokatwa yamekatwa kwa mstari mmoja.

Na ule mstari mmoja ulioutaka: wenye madume wako wanakamuliwa wote sita. Wengine ni mitamba wote sita.

Kura haikupigwa.

Nilikata vikaratasi kumi na viwili, nikaandika namba, nikaviweka kwenye kofia, nikampelekea baba kama ulivyosema. Akanitazama kama namletea karata. Akasema, "Mitamba yangu? Hao ndio kesho yangu. Kupe wake akawawekee hawa vikongwe wa maziwa, ngozi zao sasa ni viatu." Nilitakiwa kusema, "Baba, hivyo jaribio litaharibika." Nilikuwa na hilo neno, nilikuwa nimelifanyia mazoezi stoo kwa lugha zote mbili, ya nyumbani na ya shuleni. Likakwama. Nikarudi na kofia yangu, nikaandika "kura ilipigwa", nikayafunika maneno hayo kwa mkono, nikamwonyesha pa kuweka sahihi. Baba husaini bila kusoma, kama anavyosaini za shule.

Ningeweza kukuambia Desemba. Nikasema moyoni, ng'ombe ni ng'ombe. Kisha ukanisifu kwa namba nzuri, ukaniahidi chumba.

Sauti


Maabara
Alhamisi, 15 Mei

Sauti,

Marahaba. Nafurahi ng'ombe ni wazima.

Nilipofika kwenye "kura haikupigwa" niliinuka, nikatoka nje, nikazunguka jengo zima mara mbili bila koti. Mlinzi akaniuliza nimefiwa na nani.

Ulidanganya mara moja Desemba, ukadanganya kila wiki kwa kunyamaza, na ukaua ng'ombe wa mtu kwa kutikisa kichwa. Nataka ulisome hilo kwa mwandiko wangu. Ile tofauti ya kupe watano iliyobaki, nayo siwezi kuiita yangu, kwa sababu ng'ombe wa maziwa na mtamba si mnyama mmoja: damu tofauti, ngozi tofauti, malisho tofauti. Miezi mitano, mikono mitupu. Huenda madume wangu wanafanya kazi, huenda hawafanyi. Sijui. Umeninyima hata kushindwa vizuri.

Na chumba usahau. Sitaki mtu ndani ya nyumba yangu ambaye lazima nimfukunyue ili aseme ukweli.

Hayo ni yako. Haya ni yangu, na sitayarudia. Kutoka yai mpaka kupe mkubwa ni miezi. Kama madume wangu waliingia Desemba, kupe hawakuwa na namna ya kupungua hivyo kufikia Februari. Mayai yasiyoangua yanaonekana msimu unaofuata. Nililijua hilo siku nilipopokea namba zako za kwanza nzuri. Mwanafunzi wangu akiniletea namba kama hizo ningemrudisha akahesabu upya, na swali la mitamba ningeuliza siku hiyo hiyo. Wewe sikukurudisha. Nilizibandika ukutani.

Jana nilikwenda kwa Mkuu na daftari lako. Alisema barua ya mtoto wa shule haifuti fomu yenye sahihi ya mwenye mifugo. Amesema nikikataa kuzisoma tarehe 22 atazisoma yeye. Na atazisoma, namjua. Josho litafungwa wiki inayofuata, kabla ya mvua kukatika, kupe wakiwa wengi kuliko wakati wowote. Mafundi viatu watakuwa mia.

Kwa hiyo nimeweka humu fomu ya kufuta. Ina maneno matatu ya maana: kura haikupigwa, kupe walibanduliwa, namba zisitumike. Inataka sahihi ya mwenye mifugo. Si ya mama yako, si yako. Na safari hii aisome, maana Mkuu atampigia simu kumuuliza. Gari la Jumamosi ndilo la mwisho kufika hapa kabla ya mkutano. Mwambie dereva asubiri.

Najua unachokiogopa: kwamba kaka yangu atapata fimbo aliyoitafuta tangu siku ya mazishi, atakuja mkutanoni kunicheka mbele ya watu. Mwache aje. Nitamwekea kiti cha mbele. Lakini atie sahihi kwanza.

Shangazi yako


Nyumbani
Jumamosi, 17 Mei, saa kumi alasiri

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Dereva yuko uani anakunywa chai. Amesema atasubiri kikombe kimoja na mama anakijaza kila kikifika nusu. Baba yuko kwenye uzio wa mitamba, anagonga misumari, namsikia.

Nimelisoma kwa mwandiko wako kwamba niliua ng'ombe. Nimelisoma mara nyingi kuliko ulivyoisoma barua yangu ya kwanza. Ni kweli, na sitakuandikia kwamba sikukusudia. Asubuhi nilikwenda kwa fundi viatu, nikamwambia. Kwa mdomo. Watu walikuwepo kwenye benchi. Nilikwama mara tatu, alinisubiri zote. Nilipomaliza akasema, "Sasa ndiyo unaniambia?" akaendelea kushona. Nikabaki nimesimama hapo, sikujua kama nimefukuzwa au la. Baadaye akasema, bila kuinua macho, "Yule mwingine nimemrudisha joshoni. Waambie na wenzangu."

Chumba chako sikitaki tena. Siandiki hivi kwa hasira, au ni kwa hasira, sijui. Ulijua toka Desemba namba haziwezi kuwa vile, ukazibandika ukutani, halafu ukaniambia nabadilisha maneno. Mimi nilinyamaza kwa sababu mdomo wangu haufunguki. Wa kwako unafunguka vizuri sana. Uliufungua hata mazishini. Mkuu akikuuliza nani alaumiwe, sema mimi, nimekubali. Ila ukifika nyumbani jioni usiseme ni mimi peke yangu.

Nyundo imenyamaza.

Nimejaribu kupanga nitakavyoanza. "Baba, shikamoo, kuna karatasi." Au nianze na mitamba, kwamba alisema ni kesho yake, na josho likifungwa kupe wa mvua wataondoka na hiyo kesho. Lakini huo ni ujanja, na atasema nimefundishwa na yule wa kupe. Atacheka kwanza. Atacheka sana, Shangazi, kwa ajili yako. Halafu atafika pale penye sahihi yake ya Desemba, aone kwamba alisaini uongo, na nani alimwekea mkono juu ya maneno. Hapo ndipo kicheko kitaisha. Sijawahi kumwona baba akiwa amedanganywa na mimi. Sijui anafananaje.

Leo siandikii stoo. Nimekaa sebuleni, mezani, kwenye kiti kinachotazama mlango. Fomu yako iko hapa, barua zako tatu za tangu Machi ziko hapa, na hii naandika bado. Mama amepita na birika, ameziona, amesogeza kikombe kisiziloweshe.

Buti za baba ziko kwenye kokoto. Amesimama kuzungumza na dereva. Dereva anasema, "Mzee, leo mabwana harusi wanarudi na barua." Baba anauliza, "Barua gani?"

Daftari la jiografia liko kwapani mwangu kwa mazoea. Nimelitoa, nimeliweka sakafuni.

Anakuja. Hii nitaimalizia hapa ili iingie kwenye bahasha pamoja na fomu, ikiwa na sahihi au bila sahihi, upokee jinsi ilivyo. Fomu nimeigeuza imtazame yeye atakapokaa, na juu kabisa nimeweka barua yako ya mwisho, aanze na yale uliyoyaandika kuhusu wewe mwenyewe. Mlango anaufungua kwa bega, mikono imejaa misumari. Ananitazama. Anatazama meza.

"Nini hiki?"

Naweka kalamu chini nimjibu.